Ziwa Chala na Jinsi Impasavyo Mgeni Kulizuru

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita nyika kavu kwa mwendo wa maili sabini hivi. Akishaiacha Mwatate na Bura, ubichi wa milima ya Taita hubaki nyuma yake, na mbele huwa ni miiba, vumbi jekundu na majani makavu hata Maktau na kupita. Asiyeijua nchi hii hawezi kudhani ya kuwa, mwendo wa maili tano tu kaskazini ya mji wa Taveta, liko ziwa la maji matamu lenye kina cha karibu futi 300. Wala hata akilikaribia halioni. Hupanda mteremko wa majani kama mteremko mwingine wowote, kisha ghafula ardhi hukoma mbele ya miguu yake, na chini kabisa, kati ya kuta za mawe, huyaona maji, mara ya buluu iliyoiva, mara ya kijani, kwa kadiri ya majira na jua.

Hili ndilo Ziwa Chala. Ni shimo la volkeno ya kale iliyo upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo kingo zake zimesimama wima kama kuta za kisima. Hapana mto wa kudumu uingiao humo, wala hapana mto utokao. Basi maji hutoka wapi? Mvua inyeshayo katika misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, hupita chini kwa chini katika mawe, na sehemu yake huingia ziwani. Hutoka vile vile kwa njia za chini. Zamani watu wengi waliamini ya kuwa chemchemi zote za Taveta hutoka Chala. Katika miaka ya 1960 wataalamu walitia ziwani tritiamu kidogo, ambayo ni namna ya hidrojeni, ili wayatambue maji ya Chala popote yatakapotokea. Wakaona ya kuwa maji ya ziwa ni sehemu ndogo tu ya maji ya chemchemi hizo, na yaliyo mengi hutoka mlimani kwa njia nyingine.

Kwa kuwa maji haya hayasukumwi na mto, matope yake hutulia chini tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoboa chini ya ziwa wakatoa nguzo ya matope yenye urefu wa karibu meta 215, ambayo ni kumbukumbu ya mvua na ukame wa miaka 250,000 hivi. Humo ziwani pia yumo samaki wa jamii ya ngege ambaye asili yake haijulikani kuwa mahali pengine po pote duniani.

Wageni wamelisifu ziwa hili tangu mmisionari Charles New alipofika mwaka 1871. Wazee nao husimulia ya kuwa palikuwa na kijiji cha Wamasai mahali hapo, kikazama, na ya kuwa sauti za ng'ombe na jogoo zilikuwa zikisikika kutoka chini. Msomaji na aamini apendavyo. Lakini liko jambo moja ambalo si hadithi: Chala ina mamba. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza, ambaye alikuwa bado kijana, alikamatwa na mamba alipokuwa akiogelea humo, akafa. Wako wasemao hata leo ya kuwa maji yaliyotulia na kung'aa namna ile hayawezi kuwa na hatari. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mamba hahitaji matope, na penye kina kama kile hana haja ya kujionyesha. Tena mwogaji akitishwa atakimbilia wapi? Sehemu nyingi za ufuo ni jabali tupu.

Kwa hiyo mahali pa kupiga hema ni juu, nyuma ya ukingo, wala si chini karibu na maji. Hema lisiwekwe hatua chache kutoka kwenye genge, maana mtu aamkaye usiku husahau alipo. Upepo wa juu ni mkali, hasa miezi ya Juni mpaka Septemba, basi kamba zifungwe vizuri, na moto uwashwe mahali palipofyekwa, kwani majani makavu hushika upesi. Ndovu nao hupita katika nchi hii iliyo kati ya Tsavo na Kilimanjaro. Chakula kisiachwe ovyo.

Atakaye kushuka na ashuke asubuhi pamoja na mwenyeji aijuaye njia, akiwa na viatu vya kushika na maji yake ya kunywa. Kushuka ni kwepesi. Kupanda saa sita ya mchana, jua likipiga mawe, kumewashinda vijana wenye nguvu.

Jambo la mwisho ni mpaka. Mstari ulioanzia katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 hupita katikati ya ziwa, upande wa magharibi ukiwa Tanzania. Juu ya maji hapana alama iuonyeshayo. Atakaye kuliona ziwa kutoka upande wa Rombo na arudi Taveta, apite mpakani kwa njia ya halali akiwa na hati zake.