Jicho la Mohamed Amin Makka

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943 na mwenye Camerapix, ulimwengu humkumbuka kwa picha za njaa ya Uhabeshi ya 1984. Sisi twamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha picha za Hija, kilichotoka 1978. Mzee aliyekosa nauli ya Jidda aliweza kuketi sebuleni akaitazama Al-Kaaba. Lakini katika umati kama ule, nani huombwa ruhusa? Aliyeinua mikono akilia, angaliridhia? Amin alifariki 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro. Siku hizi, hapa Msikiti wa Jamia, wajukuu huwalaki mahujaji wakiomba simu kwanza waone picha za tawafu, kisha ndipo Zamzam.