Ndoano ndogo kwenye mzizi wa jino

Mwaka jana, hapa Muhumba, mzee mmoja aliyerudi toka machimbo ya dhahabu ya Kamituga alinifungulia kinywa. Nyama ya meno ilikuwa imeshuka, mizizi imebaki wazi, na penye mizizi palikuwa rangi ya kahawia, palilainika. «Pastori, nimechoka. Wayangʼoe yote!» Nikamwambia: Papa, ngoja kwanza.

Juu ya nini? Sehemu ya juu ya jino imevikwa ganda gumu kupita mfupa. Mzizi hauna ganda hilo. Uko na safu nyembamba tu, na ndani yake nyuzi za kolajeni, sawa zile za ngozi yetu.

Mikrobe ikielea kinywani, mate yanaibeba na tunaimeza. Lakini juu ya mwili wake iko na proteini zinazonasa sawa ndoano za mvuvi wa ziwa Kivu. Streptococcus mutans, iliyoelezwa na J. Kilian Clarke kule London mwaka 1924, inatumia proteini iitwayo antijeni I/II. Inashika utando wa mate juu ya jino, inashika na kolajeni ya mzizi. Nyingine, Actinomyces, iko na vinywele vya proteini.

Ikisha kushika, inakula sukari na kutoa asidi. Ganda la juu linaanza kuyeyuka karibu na pH 5,5. Mzizi unaanza mapema, hata pH ikiwa imepita 6. Basi chai ya sukari kidogo-kidogo siku nzima kwenye shimo, inatosha kuuharibu.

Mwaka 1998, Julian Ma na wenzake wa London walipaka meno ya watu antibodi iliyotengenezwa ndani ya mmea wa tumbaku, ya kuziba ndoano ile. Mikrobe haikurudi kwa miezi minne. Lakini mpaka leo hakuna chanjo ya kununua.

Sisi tufanye nini? Tupige mswaki asubuhi na usiku, polepole, kwa dawa ya meno yenye floridi. Sukari iliwe pamoja na chakula, si kila saa. Tumbaku tuiache, maana inaharibu nyama ya meno. Tena twende kwa muganga wa meno mbele ya maumivu: mzizi uliolainika ukitunzwa mapema unaweza kukauka na kuwa mgumu tena, hata kama unabaki mweusi.

Yule Papa waliongʼoa jino moja tu. Mengine anatafunia mahindi mpaka leo.