Kisima Kilichoingia Dizeli Hakina Dawa ya Kumwagia

Swali ni lile lile, litoke Garissa mjini, Wajir au Habaswein: "Kisima kimeanza kunuka mafuta, nitie dawa gani?" Nalijibu hapa hadharani ili tusirudiane tena. Usitie kitu.

Najua swali linakotoka. Kaskazini Mashariki watu wamezoea klorini. Kipindupindu kikizuka, maofisa wa afya hutia klorini katika visima vifupi, na mtu huona kwamba kila kinachoharibu maji kina dawa yake ya kumwagia. Klorini huua vijidudu. Dizeli si kijidudu. Ukiitia klorini utapata maji yenye dizeli na klorini.

Sabuni ya unga ni mbaya zaidi, nayo ndiyo hunikera, kwa sababu huonekana kufanya kazi. Utando uliokuwa ukielea unapotea machoni, na mwenye kisima anawaita majirani waje wateke. Mafuta hayajaenda popote. Sabuni imeyavunja kuwa matone madogo yasiyoonekana na kuyachanganya na maji yote, juu hadi chini. Kabla ya hapo ungeweza kuyakomba, sasa huwezi.

Wengine huchemsha mpaka harufu iishe. Petroli ina benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Pua ya binadamu huanza kuinusa benzeni majini ikifika kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kikomo hicho. Basi pua si kipimo. Sehemu nyepesi zinazoruka na mvuke anazivuta mama aliyeinamia sufuria, na zile nzito za dizeli, ambazo huchemka kwa joto kubwa kuliko maji, zinabaki humo humo.

Dawa zote hizi zinatokana na kosa moja: kudhani kwamba mafuta yako kisimani. Yako ardhini. Tangi limetobolewa na kutu, au sakafu ya chumba cha jenereta imekunywa dizeli kwa miaka. Mafuta yakazama hadi usawa wa maji, yakaelea juu yake, yakaanza kusafiri kuelekea maji yanakokwenda, na kisima chako kiko njiani. Kikaushe leo kwa pampu, kesho kutwa kitanuka tena. Mvua za Aprili zikinyesha, maji hupanda na kuyakuta mafuta yaliyonasa mchangani, na harufu uliyoisahau inarudi.

Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa, maji yako mita chache tu chini na hupita kwenye nyufa; huko mafuta hayachelewi. Dadaab watu hujituliza kwamba hifadhi ya maji ya Merti iko zaidi ya mita 100 chini. Kina hicho kinalinda, isipokuwa pale tulipotoboa wenyewe. Kisima cha mashine ambacho bomba lake halikuzungushiwa saruji ni njia iliyonyooka kutoka kwenye matone ya jenereta hadi majini, na jenereta mara nyingi imewekwa hatua chache kutoka hapo. Pembezoni mwa hifadhi ya Merti maji ni ya chumvi. Tukiyaharibu matamu ya katikati, hatuna pa kuhamia.

Anayedhani jambo hili huisha lenyewe aulize Thange, kaunti ya Makueni, ambako bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja mwaka 2015. Ilipofika 2025 wakazi walikuwa bado mahakamani wakidai fidia.

La kufanya ni hili. Funga kisima, wala usiteremshe mtu ndani: mvuke wa petroli huua, tena huwaka. Tafuta panapovuja, pima tangi kwa kijiti asubuhi na jioni, ulinganishe na kilichouzwa. Sampuli itiwe kwenye chupa ya kioo, ijae hadi mdomoni, iwekwe kwenye barafu na kupelekwa maabara. Msiniletee chupa ya soda. Mtaalamu achimbe mashimo ya uchunguzi yasiyopungua matatu, yasiyo kwenye mstari mmoja, ndipo ajue maji yanaelekea wapi. Mafuta yanayoelea yakombwe. Udongo uliolowa uchimbwe, utandazwe juu ya turubai nzito, utiwe mbolea, umwagiliwe na kupinduliwa, kwa sababu bakteria walao mafuta hawafanyi kazi kwenye mchanga mkavu na jua peke yake halisafishi. Petroli iliyobaki chini huvutwa kwa mashine za hewa. Maji huchujwa kwa mkaa maalumu, kama kuna fedha na mtu wa kuubadilisha. Pengine jibu ni kuchimba kisima kipya upande maji yanakotoka, na kuendelea kupima cha zamani kwa miaka.

Gharama si zako kama mafuta si yako. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kumwamuru aliyechafua arejeshe mazingira. Mwenye kituo cha mafuta akikuletea mfuko wa sabuni, mrudishie, na siku hiyo hiyo upeleke malalamiko yako kwa maandishi NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.