Caravan: Punda wa anga la Serengeti, sifa na lawama zake

WATALII wengi wanaotoka Maasai Mara kwenda Serengeti hupita mlangoni mwa Tarime. Tangu mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia ya Bologonja haikurudi kuwa ya watalii kama zamani. Hivyo mgeni hushushwa na ndege Migori, huvuka kwa gari Isebania na Sirari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime kuelekea Kogatende au Seronera.

Mara nyingi ndege anayoikuta ni Cessna 208, maarufu kwa jina la Caravan. Biashara ya hoteli, magari ya kukodi na mboga katika wilaya za Tarime na Serengeti inaitegemea kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, marubani hawana kauli moja juu yake. Mwenye fedha anayefikiria kuingia katika biashara hii anapaswa kuzielewa pande zote mbili.

Sifa zake

Caravan iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ikaruhusiwa kuingia sokoni mwaka 1984. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 3,000. Kampuni ya vifurushi ya FedEx ya Marekani ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo.

Marubani wa porini huipendea mambo manne. Mabawa yake yako juu, hivyo hayagongi vichaka wala mawe. Magurudumu hayakunjwi, na mikono yake ni imara kwa viwanja vya changarawe. Mlango wa mizigo ni mpana. Nne, injini yake ya PT6 ya Pratt & Whitney Canada ina jina zuri la kutozimika ovyo.

Kwa mfanyabiashara, sifa kubwa zaidi ni mafuta. Ndege ndogo za zamani kama Cessna 206 hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo katika Afrika Mashariki ni adimu na ghali. Caravan hutumia mafuta yale yale ya ndege kubwa za abiria, yanayopatikana Mwanza, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Tena 206 hubeba watu sita pamoja na rubani, wakati Caravan ndefu hubeba abiria 12 au zaidi. Uundaji wa 206 ulisimama mwaka 1986 hadi 1998, kwa hiyo nyingi zilizobaki ni kuukuu.

Lawama zake

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Lawama ya kwanza ya marubani ni nguvu. Caravan ndefu ya kawaida ina nguvu za farasi 675, na uzito wake wa juu wa kuruka ni karibu kilo 3,970. Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa saba likichoma, hewa hupungua uzito, bawa hubeba kidogo na injini hupoteza nguvu. Ndege iliyopaa kwa urahisi asubuhi huhitaji uwanja mrefu zaidi mchana. Ndiyo maana toleo la baadaye, EX, lilipewa nguvu 867.

Lawama ya pili ni injini moja. Nchi nyingi kwa muda mrefu zilisita kuruhusu ndege ya injini moja kubeba abiria wa kulipa usiku au ndani ya mawingu. Injini hata ikiwa nzuri namna gani, ikizimika hakuna ya pili.

Ya tatu ni mwendo. Caravan ndefu ya kawaida haifiki kilomita 350 kwa saa. Kwa safari ya Tarime hadi Kogatende hilo si tatizo, lakini kutoka pwani hadi Mara ni kazi ya saa kadhaa.

Rekodi ya ajali nayo haifichiki. Novemba 15, 2017 Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti iligonga mlima katika eneo la Empakaai, Ngorongoro, wakafa watu 11. Juni 5, 2018 nyingine iligonga milima ya Aberdare nchini Kenya, wakafa 10. Septemba 23, 2019 nyingine ilianguka Seronera wakati wa kupaa, wakafa wawili. Watetezi wa ndege hii husema milima na hali ya hewa havichagui aina ya ndege. Wapinzani hujibu kuwa ndege yenye nguvu ya ziada humpa rubani nafasi ya kujirekebisha.

Serengeti yenyewe ilishatoa somo hilo zamani. Januari 10, 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama pamoja na baba yake Bernhard, alikufa ndege yao ya Dornier Do 27 ilipogongana na tai. Do 27 ilisifiwa kwa kuruka na kutua mahali pafupi, lakini sifa hiyo haikuzuia ndege wa angani.

Hesabu ya mzigo

Hapa ndipo wengi hupotea. Muuzaji husema ndege inabeba abiria 12 na matangi yanachukua lita zipatazo 1,250. Yote mawili ni kweli, lakini si kwa wakati mmoja. Abiria 12 wenye wastani wa kilo 75 na mizigo ya kilo 15 kila mmoja ni kilo 1,080. Matangi yaliyojaa ni kilo 1,000 nyingine. Jumla ni kilo 2,080 kabla ya rubani, wakati uwezo wa kubeba baada ya uzito wa ndege tupu ni karibu kilo 1,600 tu. Ndiyo sababu mtalii huambiwa asizidishe kilo 15 za mzigo, na katika begi laini.

Mwenye ndege anayefuata methali ya punda afe mzigo wa bwana ufike hatadumu. Rubani anayekataa kilo za ziada saa saba mchana analinda mtaji wa tajiri wake.

Kabla ya kutoa fedha

Caravan mpya huuzwa zaidi ya dola milioni mbili, hivyo wengi hutafuta iliyotumika. Swali la kwanza liwe saa zilizobaki kabla ya matengenezo makubwa ya injini, ambayo kwa kawaida hufanywa kila saa 3,600. Ndege inayoruka saa tatu kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufika huko katika miaka minne. Gharama hiyo ni lazima iwekwe akiba kutoka katika nauli ya kila siku.

Swali la pili ni msimu. Kogatende hujaa kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara. Aprili na Mei, mvua zikinyesha, kambi nyingi hufungwa, lakini bima na mkopo havifungwi. Asiye na mzigo mwingine wa kubeba miezi hiyo, ni afadhali awauzie mboga wenye ndege.