Gramu Chache Zinazorudi Kazini

Mchinja kuku mzoefu hapapasi ini kwa pupa. Hukitafuta kwanza kile kifuko cha kijani kibichi kilichojibana chini yake, akakikata pamoja na kipande kidogo cha ini kwa usalama, maana kikipasuka kitoweo kitakuwa kimetumbukia nyongo kwelikweli. Uchungu ule hasa ni wa chumvi za nyongo, na bila chumvi hizo mafuta mengi tunayokula yangepita tumboni yakatoka vilevile, pamoja na vitamini A, D, E na K zinazosafiri ndani yake.

Ini la mtu mzima hutengeneza nusu lita hadi lita moja ya nyongo kila siku, hata mtu akiwa amefunga. Mfuko wa nyongo hauchukui zaidi ya mililita 50 hivi, lakini hufyonza maji na kuiacha nyongo ikiwa nzito mara kadhaa. Mafuta yakifika mwanzo wa utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo humwaga kwenye damu homoni ya kolesistokinini, iliyotambuliwa mwaka 1928 na Ivy na Oldberg huko Marekani. Mfuko hujikamua, na msuli unaobana mdomo wa mrija wa nyongo hulegea.

Msuli huo una jina la Ruggero Oddi, aliyeueleza mwaka 1887 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Perugia, Italia. Alipowaondoa mbwa mifuko ya nyongo, aliona mirija yao imetanuka. Basi lazima kulikuwa na kitu kinachozuia nyongo mbele. Kijana huyo hakumalizia vizuri: alipoteza kazi ya ualimu wa chuo kikuu Genoa, akaenda kuganga Kongo iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji, akafia Tunis mwaka 1913.

Ndani ya utumbo, chumvi za nyongo hufanya kazi ya sabuni kwenye sufuria ya pilau. Kila molekuli ina upande unaoshikana na maji na upande unaoshikana na mafuta, hivyo tone kubwa huvunjwavunjwa kuwa matone madogo sana, na vimeng'enya vya kongosho vikapata pa kuingilia.

Ila mimi kinachonishangaza zaidi ni hesabu yake. Mwili mzima una gramu 3 hivi tu za chumvi hizi, ilhali kazi ya siku moja inahitaji gramu 20 au zaidi. Siri iko mwishoni mwa utumbo mwembamba: pale asilimia 95 ya chumvi hunyakuliwa, huingizwa kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini, na ini huzimwaga upya. Mzunguko huo hujirudia mara sita hadi kumi kwa siku. Kidogo kinachopotea chooni, ini hukifidia kwa kutumia kolesteroli. Madaktari waliikamata njia hiyo: dawa ya kolestiramini hunasa chumvi za nyongo utumboni zisirudi, na ini hulazimika kuchota kolesteroli ya damu ili litengeneze nyingine.

Nyongo hubeba pia taka. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikivunjwa, himoglobini yake huacha bilirubini, rangi ya manjano ambayo bakteria wa utumbo huigeuza ikakipa kinyesi rangi ya kahawia. Mrija ukizibwa, kinyesi hupauka, mkojo hukolea na macho huwa ya manjano.

Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, seli zake nyekundu hufa mapema mno, pengine ndani ya siku 10 hadi 20. Bilirubini huzidi, hugandana na kalsiamu, na vijiwe vyeusi hujengeka mfukoni. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu akilalamika maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula, inafaa apigwe picha ya ultrasaundi, yasichukuliwe tu kuwa ni maumivu yake ya kawaida. Vijiwe vikisumbua, mfuko huondolewa kwa upasuaji. Nyongo huendelea kutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini, na wengi hula kama kawaida.