Goma: Les Volcans, mtaa uliopanda juu ya milango yake

Goma — Nyuma ya boulevard Kanyamuhanga kuna duka moja ambako mteja anashuka ngazi tano kabla ya kuingia. Mgeni hudhani ni depo ya kuhifadhia mizigo. Lakini sakafu hiyo ndiyo iliyokuwa sawa na barabara hadi Januari 2002. Duka halikushuka. Barabara ndiyo iliyopanda, pamoja na mtaa mzima.

Tarehe 17 Januari mwaka huo, volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu kilomita 18 kaskazini mwa mji, ilipasuka. Lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikapita Virunga na Murara, ikavuka kartie Les Volcans, ambayo ndiyo iliyokuwa moyo wa biashara, na kumwagika katika ziwa Kivu. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua, zikabaki kuta tu, na kuta hizo zilisimama hivyo kwa miaka mingi mbele ya macho ya wapita njia.

Wakaaji walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, lakini wengi walirudi baada ya siku chache tu, jiwe likiwa bado na joto. Waliokuwa watoto wakati ule, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, wanakumbuka kambambili zilizolainika miguuni. Wakati huo mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, na Kinshasa ilikuwa mbali kwa kila namna. Kwa hiyo watu hawakungoja mpango wa serikali. Kila mmoja alitafuta mahali nyumba yake ilipokuwa.

Hapo ndipo kazi ilikuwa ngumu. Ukuta umezama, mti wa embe umeungua, njia haionekani, na jirani naye anatafuta mpaka wake palepale. Mzee mmoja aliye na parseli upande wa Virunga anasimulia kwamba alipata yake kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye jengo la etaji ambalo kichwa chake kilikuwa bado kinaonekana. Alipanga mawe meusi kuzunguka kiwanja, akalala hapo usiku tatu ili mtu mwingine asiyapange upya. Karatasi za parseli yake ziliungua pamoja na nyumba. Leo ana karatasi mpya, lakini anakiri kwamba jirani yake hadi sasa anamdai mita mbili. Waliosalimiana kwa miaka ishirini kabla ya volkano sasa wanasalimiana mbele ya wakili.

Baada ya mawe zikaja mbao. Mtu asiyeifahamu Goma anaweza kudhani nyumba ya mbao ni ya mtu aliyeshindwa. Ukweli ni kwamba ndiyo nyumba iliyofaa mahali hapa. Mbao za kutoka Masisi na Walikale zilikuwa nafuu kuliko simenti, na nyumba ya aina hiyo haihitaji msingi mrefu kwenye mwamba ambao hata nyundo unaugomea. Zaidi ya hayo, inafunguliwa na kuhamishwa. Mafundi wa Goma wanaandika namba kwa chaki juu ya kila ubao, wanaiangusha nyumba asubuhi, chukudu zinaibeba, na jioni familia inapika ndani yake katika kartie nyingine. Ubaya wake ni moto. Kibatari kikianguka au waya ukipata joto, avenue nzima inakwisha, kama wanavyojua vizuri watu wa Birere, ambako maduka ya mbao yamebanana hadi karibu na mpaka wa Rwanda.

Shida nyingine haionekani barabarani. Kuchimba choo katika lava ni kazi ya wiki kadhaa na pesa nyingi, ndiyo sababu katika parseli nyingi familia nne au tano zinatumia kimoja. Mabomba ya maji nayo, sehemu nyingi, yanatambaa juu ya jiwe, yanakanyagwa na kutobolewa. Jengo linaweza kuwa na vioo vya bluu kutoka chini hadi juu, na bado wapangaji wake wanangoja bido za maji kutoka ziwani.

Majengo hayo ya vioo yana historia yake. Fedha za koltani zilikuwa zimekwisha kuingia mjini wakati volkano inapasuka, na wafanyabiashara waliotaka kuzificha mahali salama walizigeuza kuwa simenti. Kisha wakaja MONUC, ambayo mwaka wa 2010 iligeuka MONUSCO, na mashirika ya misaada. Hawa walilipa kwa dola, kwa miezi mingi mara moja, tena bila kubishana sana. Katika Les Volcans na Himbi, mwenye parseli aliyekuwa na nyumba ya mbao alianza kupiga hesabu nyingine. Asiye na mtaji aliingia mapatano na tajiri: wewe jenga, kula kodi kwa miaka kadhaa, halafu nyumba inanirudia. Waliokuwa wakipanga kwenye mbao hawakuwa katika mapatano hayo. Walipewa muda wa kuondoka, wakapanda juu kuelekea Ndosho na Mugunga, na tangu hapo wanalipa moto kila siku kushuka mjini wanakotafutia maisha. Inafaa kusema wazi: tunapousifu mji kwa etaji zake, hawa hatuwahesabu.

Mwezi wa Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena. Lava ilisimama pembeni ya mji, karibu na uwanja wa ndege, lakini matetemeko yalipasua kuta na barabara, na kartie kumi ziliamriwa kuhama kwa hofu. Ajabu ni kwamba ujenzi haukusimama. Kilichousimamisha ni kitu kingine.

AFC/M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukaacha kufanya kazi. Mwenye akiba ya kumalizia etaji ya pili anaijua namba ya konti yake, lakini pesa hazishikiki. Wafanyakazi wengi wa mashirika wameondoka. Ukitembea leo kutoka rond-point Signers kuelekea ziwani unaona vyuma vya nguzo vimeelekea mbinguni, vinaota kutu, na maneno ya nyumba ya kupangisha yameandikwa kwa rangi kwenye milango ambayo zamani ililindwa na gadi wawili. Wenye nyumba waliokuwa hawasikilizi bei chini ya dola elfu sasa wanapiga simu wenyewe.

Mama mmoja anayeuza vitenge anaijua habari hii kuliko wanauchumi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na kioski cha mbao kwenye avenue ndogo ya Les Volcans. Mwenye parseli akapata tajiri wa kujenga, akamrudishia nusu ya garanti, na kumwomba aondoe mbao zake kabla ya mwisho wa mwezi. Mama alizipeleka Ndosho, akazitunza chini ya bâche, maana anasema mbao nzuri haziuzwi kwa hasira.

Jengo lilifika dali ya kwanza, likasimama. Tajiri hana pesa mkononi, mwenye parseli hana kodi. Wakakubaliana kupangisha chini, hivyohivyo bila plasta wala madirisha, kwa yeyote atakayejitengenezea mahali pa kufunga. Mama akaitwa, safari hii na mwenye parseli mwenyewe. Alibishana bei, akalipa kwa franka, noti zilizochakaa zikihesabiwa mara mbili, na akadai ile nusu ya garanti ya zamani iingizwe katika hesabu. Ilikubaliwa.

Siku tulipopita, chukudu mbili zilikuwa zimeegeshwa mbele ya jengo. Fundi alikuwa ndani, kati ya nguzo mbili za simenti, akitafuta ubao namba saba.