Kusomea Mawasiliano (2): Habari Zilivyotembea Umatumbi

Wazazi wengi wakisikia mtoto amechaguliwa kusomea mawasiliano chuo kikuu, humwona tayari yuko redioni. Utangazaji, uliozungumziwa katika makala ya kwanza, ni tawi moja tu. Upande wa sayansi ya jamii huchunguza kwa nini watu husikia neno, wakaliamini na kulitenda. Mfano wake mkubwa uko Umatumbi, wilayani Kilwa.

Mwaka 1904, wakati wa utawala wa Wajerumani, mganga Kinjikitile Ngwale alianza kugawa dawa ya maji huko Ngarambe, akisema risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Ujumbe ulipanda Milima ya Matumbi kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila: mtu alimnong'oneza nduguye, naye akamnong'oneza wake. Makundi yalikwenda Ngarambe kujionea na kurudi na dawa. Wajumbe walioitwa hongo waliifikisha mbali zaidi.

Mwishoni mwa Julai 1905, wazee wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Hilo ndilo lililokuwa tangazo la Vita vya Maji Maji.

Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini ujumbe uliendelea hadi kwa Wangindo, Wapogoro na Wangoni.

Mwaka 1948 Mmarekani Harold Lasswell aliwapa wanaosomea mawasiliano maswali matano ya kuchunguza ujumbe kama huo: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo ni yapi? Yote yanajibika Umatumbi. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walionyesha kwamba hata penye redio na magazeti, watu hufuata zaidi kauli ya mtu wa karibu wanayemwamini. Wamatumbi walikuwa wameitumia imani hiyo miaka hamsini kabla.

Tunayajua haya kwa sababu miaka ya 1960 watafiti wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam, wakiwemo wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliwafuata wazee vijijini na kuandika simulizi zao. Waliuliza, wakasikiliza, wakalinganisha. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasayansi wa jamii.

Vijana wa Kilwa na Lindi mnaosomea fani hii, fanyeni utafiti wenu nyumbani. Ulizeni mvuvi wa Somanga anamwamini nani akisikia habari ya dhoruba, na mama wa Kivinje anamsikiliza nani kuhusu chanjo. Majibu hayo yanahitajika wilayani sasa.